Nilienda Kariakoo na flashi mfukoni

Ukiingia kwenye maduka ya laptopu za mtumba Kariakoo mchezo ni uleule. Kijana anakuwashia mashine, anakufungulia ule ukurasa wa Windows wenye jina la prosesa na ukubwa wa RAM, anakugeuzia skrini, alafu anakaa kimya kama wakili aliyemaliza kesi. Ushahidi ndo huo bosi, unataka nini tena. Na mi miaka yote nilikuwa naishia hapohapo, natoa hela, napewa na begi la bure juu, naondoka nimeridhika kabisa.

Ule ukurasa wala hausemi uongo, ila maswali yake ni mepesi mno. Ni sawa na kijana amekuja kuposa, mzee akamuuliza jina na anapokaa, basi, binti akatolewa. Haukwambii diski imeshafanya kazi masaa mangapi, betri imebakiwa na nini, sloti ya pili ya RAM ipo au ni hadithi, kazi ikiwa nzito joto linafika wapi. Na hayo yote mashine inayajua, yamo humohumo kwenye chipu zake, tatizo hakuna anayeiuliza. Ukiingia terminali, yani lile dirisha la kuandikia amri, ukauliza, inajibu. Sio kila saa inajibu kweli, nitafika huko, lakini inajibu.

Mi kilichonifungua macho ni flashi. Niko kwenye foleni Ubungo, jamaa anazipitisha dirishani, TB 2 kwa elfu kumi na tano. Najua, najua, usinicheke, ilikuwa jua kali na nilikuwa na haraka. Nimefika nyumbani nimeichomeka, kompyuta imesoma TB 2 kweli, nikajaza sinema na mavideo ya harusi mbili tatu, majina yote yanaonekana, ukubwa unaonekana, ukifungua faili hola. Nikadhani kompyuta yangu ina virusi, nikahangaika wiki nzima na antivairasi. Kuna rafiki yangu anashughulika na seva ndo akaniambia tafuta kitu kinaitwa F3, hicho kazi yake ni moja tu, kukamata flashi feki. Amri yenyewe ni hii, na angalia, inafuta kila kitu kilichomo:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb

Dakika chache tu ikanijibu kwamba hiyo ni feki, tena ya aina inayoitwa limbo, yani ukishavuka ukubwa wake halisi chochote unachoandika kinapotelea hewani na flashi inakwambia asante nimepokea. Ukubwa halisi GB 29 na ushee. Kumbe ndani ya flashi kuna kichipu cha kuongoza, na hicho ndo kinachoulizwa na kompyuta "we una ukubwa gani", na mtu akishakiandika kiseme TB 2 kitasema TB 2 hadi siku ya mwisho. Windows haihakiki, inaamini. F3 yenyewe haimuulizi kitu, inaandika sehemu mbalimbali alafu inarudi kusoma kama ilichoandika kipo. Hapo ndo nikaelewa tofauti ya kumuuliza mtu na kumpima.

Uzuri wake haikuniacha hivihivi, mwishoni F3 inakupa na amri ya kurekebisha, f3fix, unaipa namba ya sekta (kipande kidogo cha kuhifadhia) ya mwisho iliyo nzima nayo inakata patisheni, yani eneo la kuweka mafaili, iishie hapo. Flashi yangu ya TB 2 ikawa ya GB 29 iliyo mwaminifu. Ninayo mpaka leo, na ndo hiyo niliyoenda nayo Kariakoo.

Ila kabla ya Kariakoo kuna aibu nyingine lazima niiseme. Nilitaka kuweka SystemRescue kwenye hiyo flashi, ni Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ila hii inawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoli kitu, na ndani yake vifaa vya ufundi vyote vimo, smartctl, dmidecode, memtest, kila kitu. Nikaandika dd, amri ya kumwaga faili zima juu ya diski na kufunika kilichokuwepo, dd if=, jina la faili, of=/dev/sdb, nikabonyeza enta kwa kujiamini kabisa kwa sababu jana yake flashi ilikuwa sdb. Jana. Siku hiyo nilikuwa nimechomeka na diski ya nje ya dada yangu, ikawahi kujiandikisha ikachukua sdb, flashi ikawa sdc. Kwenye Linux hizo herufi ni za foleni tu, anayetangulia ndo anachukua, wala hazifungwi na kifaa. Niligundua kwa sababu taa ya diski ya dada ilikuwa inawaka na ya flashi imezima. Mle ndani mlikuwa na picha za mahafali ya fomu foo ya binti yake, mpwa wangu.

Nikakata haraka, nikashinda siku mbili na photorec, programu ya kufufua mafaili yaliyopotea, ikaniokolea nyingi tu, lakini photorec inachimbua picha bila majina, kwa hiyo "mama na bibi getini" ikarudi ikiitwa f0482176.jpg, na kama hiyo ziko mia nane. Dada mpaka leo akiniona nimeshika waya wa USB anahamisha vitu vyake mezani. Tangu siku hiyo siandiki dd kabla sijapiga lsblk -o NAME,SIZE,MODEL nikaona jina la kifaa kwa macho, na mara nyingi situmii sdb kabisa, naenda kwenye /dev/disk/by-id/ ambako kila diski imeandikwa kwa jina lake na namba yake ya serial, ile ya kiwandani. Jina refu kama treni lakini halihami.

Sasa mpwa wangu huyohuyo kapata chuo Dodoma, inatakiwa laptopu, mama yake akasema mjomba wako si ndo mtaalamu, akatafute, na sauti aliyoisema nayo ilikuwa na picha mia nane ndani yake. Jumamosi asubuhi tukaenda.

Duka la kwanza kijana akatoa mashine ina stika ya Core i7, bei imepaa kwa sababu ya hiyo stika. Nikamwomba niiwashe kwa flashi yangu. Akashtuka, "Braza utanifutia Windows." Nikamweleza haigusi diski, nikachagua ile ya kunakili kila kitu kwenye RAM, ikishawaka nikachomoa na flashi kabisa nikampa aishike mkononi. Hapo akatulia. Tena akasogea kuangalia.

Amri ya kwanza siku zote ni lscpu. Ikasema i7-6600U, kori 2, nyuzi 4 (kori ni vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, nyuzi ni kazi ngapi inashika kwa mpigo). Hii ni chipu ya 2015. Pembeni palikuwa na mashine nyingine ya i5-8250U, ya 2017, hiyo ina kori 4 na nyuzi 8, na bei yake ilikuwa chini. Watu wanapigwa sana hapa, wanaangalia 7 kubwa kuliko 5 wanamaliza, wakati namba ya maana ni ile inayofuata baada ya kistari, 6 ni jenaresheni ya sita, 8 ni ya nane. Na kwa Intel jenaresheni ya nane ndo karibu mstari wenyewe, Windows 11 rasmi inaanzia hapo, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo usishangae ukiona za jenaresheni ya sita na ya saba zimepangwa madukani mpaka juu ya dari. Sio kwamba ni mbovu, ila usilipe bei ya i7 kwa ajili ya stika.

Duka la pili ndo palikuwa na sinema. Mashine safi, haina mkwaruzo, muuzaji kasema SSD ya GB 500. Nikapiga lsblk -d -o NAME,ROTA,SIZE,MODEL. Hiyo ROTA ni swali moja tu, diski inazunguka au haizunguki, 0 haizunguki, 1 inazunguka. Ikaja 1. Sikutaka kumvunjia mtu heshima kwa shahidi mmoja, nikapiga smartctl -a /dev/sda, nayo ikasema mzunguko 5400 kwa dakika. SSD haina mzunguko jamani, haina kinachozunguka. Kijana akasema "hata mi niliyempokea ndo alivyoniambia", na mi nikamwamini, kwa sababu na yeye alikuwa anasoma ule ukurasa wa Windows kama sisi wote.

Lakini kilichonifanya niirudishe mashine ilikuwa mistari mingine ya smartctl. Diski karibu zote zina daftari la afya humo ndani, zinajiandikia zenyewe, na smartctl inakusomea. Mstari wa 9 ni masaa iliyokaa imewashwa, hii ilikuwa na masaa 31,000 na kitu, gawanya kwa 8,760 ya mwaka mzima, ni miaka mitatu na nusu bila kulala. Bado sio tatizo, ofisini hawazimi. Mstari wa 5 ni sekta zilizokufa zikahamishiwa kwenye akiba, hapo palikuwa 0, na watu wengi wakiona 0 kwenye 5 wanafurahi wanafunga. Shuka mpaka 197. Hapo panaandikwa sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa, na bado haijaamua izizike au izisubiri. Palikuwa 24. Yani kuna vyumba 24 ndani ya hiyo nyumba mlango haufunguki na mwenye nyumba hajui kama kuna mtu ndani. Backblaze, wale wanaohifadhi data za watu kwa maelfu ya diski na kutangaza hadharani zinavyokufa, wana namba tano wanazozikazia macho, 5, 187, 188, 197 na 198, na mi nimewafuata wao, sina utaalamu wa kuwapita.

Mchepuko kidogo. Mradi unaotoa hii smartctl, smartmontools, kauanzisha mwanafizikia, Bruce Allen, mwaka 2002, jamaa kazi yake ni kutafuta mawimbi ya uvutano yanayotoka huko nyota zinakogongana. Alikuwa anaendesha rundo la kompyuta za kuchakata hayo mahesabu na diski za kuzichunga ni nyingi. Kwa hiyo kifaa cha kusikiliza mbingu kikazaa kifaa cha kunisaidia mi Kariakoo. Napenda sana habari za namna hii.

Duka la tatu, juu ghorofani, ngazi nyembamba mnapishana kwa ubavu. Kijana wa pale mpole, akaniambia "mkuu kagua unavyotaka, hapa hatuna haraka". Mashine i5-8250U, anataka laki sita na themanini. Nikaanza na free -h, ya kuangalia RAM, ikasema 7.6. Mpwa wangu akanivuta shati, "Anko, si amesema nane?" Nikamwambia hiyo isikutishe, kuna kiasi kinachukuliwa na kadi ya video iliyomo ndani ya prosesa na kingine na mfumo wenyewe wakati wa kuwaka, 8 haijawahi kuonekana 8 kamili. Ukitaka kujua vijiti vyenyewe piga dmidecode -t memory. Ikatoa sloti mbili, ya kwanza GB 8, ya pili haina kitu. Nikafurahi, maana yake kesho na keshokutwa tunachomeka kijiti kingine.

Hapa sasa ndo pa kuwa makini. dmidecode haipimi kitu. Inasoma jedwali lililoandikwa na mtengenezaji kwenye BIOS, ile programu ya kuwashia mashine iliyo kwenye bodi, na mtengenezaji naye ni binadamu, hata mwongozo wa dmidecode wenyewe unakuonya kwamba hizo taarifa mara nyingi zina makosa. Nenda kwenye kompyuta za mezani za kuungaunga, uliza namba ya serial ya mashine, unajibiwa "To Be Filled By O.E.M.", yani mwenye kiwanda aliachiwa fomu ajaze, akasahau, ikaenda sokoni hivyo. Kwa hiyo sloti iliyoandikwa tupu kwenye jedwali inaweza isiwepo kabisa kwenye bodi. Nikamwomba kijana bisibisi, tukafungua mfuniko wa chini, sloti ipo, ina vumbi tu. Wakati tuko humo nikalinganisha na namba ya serial, dmidecode -s system-serial-number na ile ya stika ya chini, zikafanana. Zikitofautiana jua bodi imebadilishwa, au mfuniko umetoka kwenye mashine nyingine, na hapo una haki ya kuuliza historia.

Diski ilikuwa NVMe, aina ya SSD yenye kasi, hizi daftari lao ni fupi na linasomeka vizuri zaidi. Imetumika asilimia 11, masaa 6,212, data iliyoandikwa TB 14.5. Nzuri. Ilikuwa na kuzimika ghafla mara 143, mpwa wangu akauliza ni nini, nikamwambia hiyo ni mtu aliyekuwa anabonyeza kitufe cha kuwashia kwa hasira.

Joto napima kienyeji. Kuna programu moja ya zamani inaitwa yes, kazi yake ni kuandika herufi y bila kuchoka, ukiielekeza shimoni, yes > /dev/null &, inakula nyuzi moja ya prosesa yote. Nikazirusha nane, alafu nikawa nachungulia cat /sys/class/thermal/thermal_zone*/temp. Namba zinakuja kwa elfu, 71000 ni nyuzi joto 71. Feni ikapiga kelele duka zima likageuka, ikapanda ikafika 88 ikasimama hapo dakika tano. Kwa Dar mwezi wa pili nakubali.

Betri sasa. Kwenye /sys/class/power_supply/BAT0/ kuna mafaili madogo madogo, unayasoma kwa cat tu. energy_full_design ni ujazo wa kiwandani, energy_full ni ujazo wa leo. Ilikuwa milioni 57 kwa milioni 34.9, yani imebaki asilimia 61. Alafu cycle_count, mara ngapi imechajiwa, imeandikwa 0. Sifuri! Betri iliyopoteza karibu asilimia 40 haijawahi kuchajiwa, imezeeka kwa mawazo. Sio kwamba kuna mtu kachakachua, mashine nyingi tu hazitoi hiyo hesabu na Linux inaandika 0. Lakini ukiisoma peke yake utasema betri mpya. Ndo maana napenda kuuliza kitu kimoja kwa milango miwili. Nikamwonyesha kijana hizo namba mbili za juu, hakubisha, tukashuka tukaja kukutana laki sita na kumi. (Kama huna flashi na duka lina Windows tu, fungua CMD andika powercfg /batteryreport, inakutolea faili lenye hesabu hiyohiyo. Ile amri ya zamani ya wmic usiitegemee tena, kwenye Windows 11 wameanza kuiondoa.)

Nyumbani nikamwekea Linux Mint, yeye mwenyewe aliomba, nikaona nimfanyie na hisani ya kuilinda betri, isichaji kupita asilimia 80. Kwenye mashine zinazokubali kuna faili linaitwa charge_control_end_threshold, unaandika namba humo tu basi. Nikaandika:

sudo echo 80 > /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Imekataa, ruhusa huna. Nusu saa nzima naitukana sudo, ile amri ya kuipa programu mamlaka ya mwenye mashine. Kumbe sudo ilikuwa inampa ukubwa echo peke yake, ile alama ya > inatekelezwa na sheli yangu mwenyewe, yani programu inayopokea amri ninazoandika, ambayo ni raia wa kawaida. Ni kama kumtuma mkuu wa mkoa akusomee barua alafu barua yenyewe unaenda kuipeleka ikulu we mwenyewe, getini wanakurudisha. Inatakiwa anayeandika ndo awe na cheo:

echo 80 | sudo tee /sys/class/power_supply/BAT0/charge_control_end_threshold

Ikakubali. Nikamweleza mpwa wangu kwa fahari, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Anko, umeme ukikatika usiku wa kuamkia mtihani, hiyo ishirini iliyobaki utanitumia kwa M-Pesa?" Nilikosa jibu. Ushauri wa 80 umeandikwa na watu ambao soketi yao haizimi. Akairudisha 100 yeye mwenyewe, kwa tee, na sikumsaidia.

Wiki ya tatu akanipigia, waifai imepotea kabisa, wenzake wamemwambia kadi imeungua apeleke kwa fundi. Nikamwambia kwanza piga lspci -k, inaorodhesha kadi zilizomo na draiva zake, yani programu zinazoziendesha, unitumie picha. Kadi ipo, na draiva imekamata. Kadi iliyoungua kwa kawaida haiji kuitika jina. Basi piga rfkill list. Akasoma kwenye simu, "soft blocked yes, hard blocked no." Hard ingekuwa yes ningemwambia tafuta swichi pembeni ya mashine, lakini soft maana yake ni programu imefunga, kuna kitufe chenye picha ya ndege umekigusa. rfkill unblock wifi, enta. Nikasikia ujumbe wa WhatsApp unaingia upande wake, kumi kwa mpigo. Fundi kakosa elfu ishirini siku hiyo.

Baada ya hapo akaomba ile flashi, kuna rafiki zake wanataka kununua mashine. Nikaifunga kwenye bahasha nikaipa basi la asubuhi. Jana saa nne kanitumia picha, skrini ya smartctl imepigwa kwa pembeni, kidole kinaonekana, mstari wa 197 kauzungushia duara jekundu na mwishoni pana 61.

"Anko hii ndo ile milango?"

"Ndo yenyewe. Wameshalipa?"

"Advansi tu. Ngoja niwaambie wairudishe."